Uvundo wa Ngozi na Maana ya Twahara

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa majumbani hukutana nayo kila mwaka baada ya Idi ya kuchinja, na ambayo kwa wengi huonekana kuwa ni shughuli ya uani isiyostahili kalamu, ni hili la ngozi ya mbuzi au kondoo iliyobaki mikononi mwa mwenye nyumba wakati nyama imekwisha kugawiwa jamaa, jirani na maskini, nayo ngozi imekunjwa pembeni mwa ua, imeanza kutoa harufu isiyozuilika kwa mlango wala kwa pazia. Swali linaloulizwa hapo, ijapokuwa huulizwa kwa haraka na kwa kukunja uso, ni swali walilolifikiri wanazuoni wakubwa kwa karne nyingi: je, kitu kinukacho ni najisi kwa sababu ya kunuka kwake, na harufu ikiondoka, ndiyo twahara imepatikana?

Jawabu, kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, ni kwamba uvundo na najisi hukutana mara nyingi, lakini si kitu kimoja. Mbuzi aliyechinjwa kwa njia ya sharia ngozi yake ni twahara tangu kisu kilipopita, hata ikikaa siku tatu ikanuka kiasi cha kumlazimu jirani kufunga madirisha, kwani kitu kilicho twahara hakigeuki najisi kwa kuoza tu. Kondoo aliyekufa kibudu, kinyume chake, ngozi yake ni najisi tangu roho ilipomtoka, hata kama katika saa ile ya kwanza haina harufu yoyote na manyoya yake ni meupe na safi machoni. Na ngozi hiyo hiyo ya kibudu, lau itaanikwa juani wiki nzima mpaka ikakauka kama ubao na pua isikute ndani yake chochote cha kulalamikia, bado itabaki katika hukumu yake ya kwanza. Basi mtu anayeitegemea pua yake peke yake atakosea mara mbili: ataiharimisha ile iliyo twahara na ataihalalisha ile iliyo najisi.

Lakini itakuwa ni haraka kusema kwamba sharia imeipuuza pua. Yapokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba mjakazi aliyeachwa huru wa Bibi Maimuna, mkewe Mtume, alipewa kondoo katika sadaka, na kondoo yule akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, akapita akaona ametupwa, akawauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake wakaitia dibaghi, yaani dawa ya kuitengeneza, wakanufaika nayo. Wakasema kwamba yule ni mzoga. Naye akawaeleza kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Katika maelezo hayo mafupi imo hukumu kubwa, nayo ni kwamba kitu kilichokwisha kuingia katika unajisi wa mauti chaweza kurejeshwa katika matumizi ya watu, wakakikalia, wakakivaa na wakakiswalia, kwa sharti ya kazi maalumu inayofanywa juu yake.

Kila aliyepita chuoni akasomeshwa Safina, kile kitabu kidogo cha Salim bin Sumair, Mhadhrami aliyefariki Batavia katika karne ya 19, anakumbuka kwamba vitu vinavyotwahirika baada ya kuwa najisi kwa asili yake ni vitatu tu: mvinyo uliogeuka siki wenyewe, ngozi ya nyamafu iliyotiwa dibaghi, na kilichogeuka kuwa mnyama, kama funza wazukao katika mzoga. Watoto huvihifadhi vitatu hivi kwa moyo na kuvisoma kwa sauti, na mara nyingi huishia hapo, wala hawaambiwi wavitazame kwa pamoja. Nami naona kuvitazama kwa pamoja kuna faida. Mvinyo umeshurutishwa ugeuke wenyewe. Mtu akitia kitu ndani yake ili auharakishe, siki ile haitwahiriki. Funza huzuka kwa kudura ya Muumba, na hakuna fundi wa kuwaumba. Ni ngozi peke yake, kati ya vitatu hivi, iliyoachiwa mkono wa mwanadamu, mkono ule ule unaoshika chumvi na magome na kisu cha kukwangulia, uingie kati ya kitu na unajisi wake ukakitoa upande mmoja na kukipeleka upande wa pili. Ni kweli kwamba nia si sharti hapa, na wanazuoni wamesema kwamba ngozi ikianguka yenyewe katika pipa la dawa ikaiva, imetwahirika, kwa kuwa kinachotazamwa ni kazi ya dawa, wala si ucha Mungu wa mtengenezaji. Hata hivyo mlango umefunguliwa kwa kazi, na kazi yenyewe ni ya kuondoa uvundo.

Na kazi hiyo imeelezwa kwa uangalifu ambao humstaajabisha mtu wa leo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye kitabu chake cha Minhaji kimesomeshwa Lamu na Unguja kwa vizazi vingi, ameeleza kwamba dibaghi ni kuing'oa ngozi fudhuli zake, yaani majimaji na mabaki ya nyama yanayoiharibu, kwa kitu kikali chenye ukakasi, wala jua au udongo havitoshi. Washereheshaji wakataja mifano: makokwa ya mgunga, maganda ya komamanga, shabu, hata mavi ya njiwa. Kisha wakaweka mtihani, nao ndio moyo wa jambo lote: ngozi iliyoiva ni ile ambayo ikirowekwa majini baada ya kutengenezwa haurejei uvundo wala kuoza. Fundi ataitazama ngozi yake ikiwa kavu, akaisifu, lakini mwanazuoni atamwambia aitie majini kwanza.

Hapa ndipo inapoeleweka kwa nini jua halikukubaliwa. Jua hukausha, haling'oi. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, damu iliyobaki katika mishipa midogo, na utando wa nyama ambao kisu hakikuufikia, vyote vimebaki mahali pake, vimenyimwa maji tu, na bakteria wanaovila wamelala. Siku mvua itakapoinyeshea ngozi ile, au mtu mwenye miguu mibichi kwa udhu atakapoikanyaga, wataamka na kuiendeleza kazi yao pale walipoiachia. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wamekubali jua na udongo kuwa ni dibaghi, na heshima yao iko pale pale. Imamu Malik, kwa kauli iliyo mashuhuri kwake, akairuhusu ngozi iliyotengenezwa katika vitu vikavu na katika maji tu. Na Imamu Ahmad katika kauli mashuhuri akashikamana na barua iliyopokewa na Abdullah bin Ukaim, kwamba watu wasinufaike na ngozi ya mzoga wala mshipa wake. Sikusudii kupambanisha madhehebu. Nasema tu kwamba kauli ya Shafi inanivuta kwa sababu imeuliza swali ambalo mtu mwenye haraka haliulizi: harufu hii imekwenda wapi?

Swali hilo hilo Imamu Nawawi ameliuliza katika mlango wa maji. Maji mengi yaliyobadilika harufu kwa kuingiwa na najisi, mabadiliko yale yakiondoka yenyewe, au kwa kuongezewa maji, hutwahirika. Lakini yakiondoka kwa kutiwa miski au zafarani, hayatwahiriki, kwa kuwa haijulikani kama uvundo umeondoka au umefichwa. Kila mtu wa pwani anaijua hali hii kwa pua yake. Nyumba zetu zina vyetezo, zina udi na ubani, zina marashi ya mawaridi, nazo ni neema na ni katika mapambo ya ustaarabu wetu ambayo sitaki mtu aniambie yaachwe. Lakini mara ngapi chetezo kimewekwa chini ya ngozi inayovunda, moshi ukapanda kwenye manyoya, na kwa usiku mmoja chumba kikanukia kama chumba cha bibi harusi, na asubuhi, joto lilipozidi, vikatoka vyote viwili kwa pamoja, udi na uvundo, kikazuka kitu cha tatu kibaya kuliko uvundo peke yake? Manukato ni haki ya kitu kilichokwisha kusafika. Kinachowekewa manukato kabla ya hapo kimewekewa pazia, na hukumu iliyo nyuma ya pazia ni ile ile.

Basi mwenye kutaka kuondoa uvundo na aanze pale unapozaliwa, na hapo ni upande wa nyama, si upande wa manyoya ambao watu wengi huusugua kwa sabuni mpaka wakachoka. Ngozi ikitoka tu kwa mnyama, kabla ya jua la adhuhuri, itandazwe kivulini upande wa nyama ukiwa juu, ipakwe chumvi ya mawe kwa wingi, isiyopungua nusu ya uzito wa ngozi yenyewe, mpaka kwenye kingo na mikunjo ya miguu, kisha ikunjwe nyama kwa nyama na kuinamishwa ili maji yanayotoka yachuruzike. Siku ya pili chumvi iliyolowa ikung'utwe na kutiwa nyingine. Ngozi iliyocheleweshwa huanza kumwaga manyoya, na hiyo ni alama kwamba kuoza kumefika kwenye mizizi yake. Baada ya chumvi huja kukwangua: ngozi ilazwe juu ya gogo la mviringo, na kwa kisu butu utando wote na mafuta yote yaondolewe, kwa subira, kwani mafuta yakibaki huchacha, na harufu ya mafuta yaliyochacha ndiyo inayorudi mwezi baada ya mwezi, mwenye nyumba akidhani ni harufu ya mbuzi. Kisha ioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, wala si ya moto, maana maji ya moto huikunyaza ngozi mbichi, na isuuzwe mpaka maji yatoke meupe.

Katika dawa, iliyo nyepesi kwa kazi ya nyumbani ni shabu: ratili moja huyeyushwa katika galani moja ya maji, na mbali nayo wakia nne za magadi ya kufulia na wakia nane za chumvi katika nusu galani, na haya ya pili humiminwa polepole ndani ya yale ya kwanza huku yakikorogwa. Shabu huiacha ngozi nyeupe na laini na manyoya yakabaki na rangi yake, nayo imetajwa na wanazuoni, kama nilivyosema. Lakini mafundi wanajua jambo ambalo mwenye kutafuta twahara anapaswa kulijua pia, nalo ni kwamba ngozi iliyotengenezwa kwa shabu peke yake ikirowekwa katika maji mengi, shabu hutoka polepole, na ngozi hurudi karibu na ubichi wake. Magome ya miti hayafanyi hivyo. Gome la mkoko, ambalo zamani likisafirishwa kwa majahazi na meli kutoka Lamu na Rufiji kwa ajili ya viwanda vya ngozi vya ng'ambo, na gome la muwati unaolimwa Njombe na nyanda za juu za Kenya, yana tanini, kitu kile kinachoukausha ulimi wa mtu atafunaye komamanga bichi. Nacho hushikana na ngozi yenyewe, uzi kwa uzi, mpaka bakteria wasipate tena pa kula. Magome hutwangwa, hurowekwa, na ngozi huwekwa kwanza katika maji mepesi ya magome kisha katika mazito, kwa majuma, mpaka rangi ifike katikati ya unene wake. Nywele zitapata wekundu, na mtu asikasirike kwa hilo. Kwa ngozi ya kibudu mimi naona shabu peke yake haifai kutegemewa, na magome ndiyo yanayosimama mbele ya ule mtihani wa maji. Na ikiisha kuiva ioshwe kwa maji safi, kwa kuwa madhehebu yetu huihesabu kuwa kama nguo iliyoingiwa na najisi. Ama nywele za kibudu, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba hazitwahiriki kwa dibaghi, na zinasamehewa zikiwa chache, ingawa Imamu Subki amechagua kwamba zinaifuata ngozi. Kwa hiyo atakaye msala wenye manyoya na moyo uliotulia, na achukue ngozi ya mnyama aliyechinjwa.

Baada ya yote hayo huenda ikabaki harufu nyingine, na hapa watu wengi huchanganyikiwa. Beberu aliyekomaa ana harufu ambayo ni yake mwenyewe, iliyomo katika mafuta ya manyoya yake, wala si ya kuoza. Kondoo naye ana ya kwake. Harufu hizi haziingii katika ule mtihani, kwa sababu fakihi ameuliza habari ya uvundo wa kuharibika, hakuuliza kama mbuzi ananuka umbuzi. Zitapungua kwa kuoshwa upya kwa maji yaliyotiwa siki kidogo, kwa kunyunyiziwa magadi ya kupikia katika manyoya makavu na kupigwa brashi siku ya pili, na zaidi ya yote kwa kutundikwa siku nyingi kivulini penye upepo. Chembe itakayobaki haimdhuru mtu katika swala yake. Hata katika najisi yenyewe sharia imekuwa na huruma: mtu akiosha akajitahidi, ikabaki harufu peke yake au rangi peke yake ambayo ni uzito kuiondoa, husamehewa, na ni mbili zikibaki kwa pamoja mahali pamoja ndipo anapoambiwa arudi.

Lakini kusamehewa na Mola si kusamehewa na jirani. Aliyekula kitunguu saumu kibichi hakula haramu, wala kinywa chake si najisi, na pamoja na hayo Mtume amemtaka ajitenge na msikiti, kwa kuwa malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu. Mwenye ngozi ya beberu iliyo twahara na bado inanuka ana hukumu mbili juu ya kichwa chake: anaweza kuiswalia chumbani kwake kwa ridhaa kamili, na asiibebe kwenda nayo katika safu ya watu. Tunapozichanganya hukumu hizi mbili tunazaa watu wa aina mbili, nao wote nimewaona: yule anayemwambia mwenziwe kwamba swala yake imebatilika kwa sababu ya harufu, na yule anayewakera watu arubaini kwa hoja kwamba kitu chake ni halali. Imamu Ghazali, ambaye naye alikuwa mtu wa madhehebu ya Shafi, ameipanga twahara katika kitabu chake cha Ihya kwa daraja nne, mwili kwanza, kisha viungo na madhambi, kisha moyo na tabia mbovu, kisha siri ya mtu na kila kisichokuwa Mungu, na akawalaumu watu wa zama zake kwa kuishia katika daraja ya kwanza. Namfahamu kuwa hakuwakataza kuosha. Aliwataka wayafanyie mambo ya ndani yale wanayoyafanyia mambo ya nje, na mwenye kuikwangua ngozi upande wa nyama, upande ambao mgeni hatauona, anajua kazi hiyo ni ya namna gani.

Naliona pia kosa katika jinsi tunavyowatazama wenye kazi hii, kwa sababu watu wetu humpenda mvaa viatu na humkimbia mtengeneza ngozi. Bibi Sauda, mkewe Mtume, ameeleza kwamba kondoo wao alikufa, wakaitia dibaghi ngozi yake, nao wakaendelea kulowekea tende humo mpaka ikachakaa. Bibi Zainabu binti Jahshi alikuwa akisugua ngozi kwa mikono yake mwenyewe nyumbani kwake, na pato la kazi hiyo akilitoa sadaka. Asmaa binti Umaisi alikuwa amemaliza kutengeneza ngozi zake siku ile Mtume alipoingia kwake kumpa habari ya kufa shahidi kwa mumewe Jaafari katika vita vya Muta. Nyumba zile zilikuwa na harufu ya magome na ya ngozi mbichi, na wahyi ulikuwa ukishuka katika mji ule ule.

Kwa hivyo nawaomba wasomaji wangu, ngozi za Idi ijayo zisitupwe jaani. Kumbukeni kwamba ngozi ya udh-hiya, yaani mnyama wa kuchinjwa Idi, haiuzwi wala haipewi mchinjaji kuwa ni ujira wake, na ikiwa ni ya nadhiri haina njia ila kutolewa sadaka. Lakini ya sunna mwenyewe aweza kuiweka akanufaika nayo, na watu wa zama za Mtume walikuwa wakifanya viriba kwa ngozi za vichinjwa vyao. Nunueni chumvi ya mawe kabla ya siku yenyewe, ngozi itiwe chumvi kabla ya adhuhuri, na asiyekuwa na nafasi ya kazi ampe sadaka maskini aliye fundi, ikiwa imekwisha kupakwa chumvi, isimfikie ikiwa imeoza.